Sura ya Nne: Arosto

Huanza kwa miayo. Mtu aliyelala usiku kucha anapiga miayo mfululizo hadi taya linauma, machozi yanamlenga bila huzuni, makamasi yanachuruzika bila mafua. Kwa anayetumia heroini kila siku, hali hii hufika muda wa saa 8 hadi 12 tangu kete ya mwisho, ndiyo maana aliyelala na stimu huamka mgonjwa. Dar es Salaam, Unguja na Mombasa inaitwa arosto, na huko maskani, kwenye vijiwe vya watumiaji, inaogopwa kuliko polisi.

Baada ya miayo huja baridi na joto kwa zamu. Vinyweleo vya mikono vinasimama. Mboni za macho zinapanuka, na mwanga wa mlangoni unakuwa mkali mno. Kisha maumivu yanashuka mifupani: kiuno, magoti, mapaja, na miguu inarusha mateke yenyewe kitandani. Tumbo linasokota, mtu anaharisha na kutapika, moyo unakwenda mbio, usingizi hauji hata dakika moja. Kilele chake ni kati ya saa ya 36 na ya 72, yaani siku ya pili na ya tatu. Kuanzia siku ya tano hadi ya saba dalili kali hupungua, na uji ukinyweka unabaki tumboni.

Nimeziweka saa hizi mwanzoni kwa makusudi. Familia nyingi zinaujua unga huu wa heroini kwa matendo ya nje, yaani simu iliyopotea, sufuria iliyouzwa, uongo wa kila siku. Haziujui kwa saa. Asiyezijua saa hizo hawezi kuelewa kwa nini kijana mpole aliyelelewa vizuri anamwibia bibi yake pesa ya dawa ya presha saa kumi na moja alfajiri.

Ukweli ambao watu wa unga wenyewe huusema wazi ni kwamba raha iliisha zamani. Miezi ya mwanzo kulikuwa na stimu. Baadaye mwili ulizoea, kipimo kikapanda, na sasa kete ya asubuhi ni ya kutoa arosto tu, ili mtu aweze kusimama, kuoga, na kwenda kutafuta pesa ya kete ya mchana. Anatumia ili asiugue. Jirani anayesema "anaendekeza starehe" anaongea habari ya miaka mitatu iliyopita.

Kama kuna anayedhani hofu hiyo inatiwa chumvi, atazame kilichoripotiwa Dar es Salaam mwaka 2005. Watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Marekani waliandika katika jarida la kitabibu la Uingereza, British Medical Journal, kwamba baadhi ya wanawake waliokuwa wakijidunga heroini jijini walikuwa wakisaidiana kwa namna ya kutisha. Aliyepata kete alijidunga, kisha akavuta damu yake hadi bomba la sindano likajaa, akampa mwenzake mwenye arosto ajidunge damu hiyo, kwa imani kwamba ndani yake imebaki dawa ya kutosha kumtuliza. Virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini haviwezi kupata njia fupi kuliko hiyo. Wanawake wale walikuwa wameshaijua arosto katika miili yao wenyewe, na hawakuweza kumwangalia mwenzao akigaagaa chini huku wao wana nafuu. Ulikuwa msaada wa maskini kwa maskini mwenzake, na ulikuwa unaua.

Kwa nini mwili unafanya hivi? Ubongo una vipokezi vyake vya kemikali za kutuliza maumivu ambazo mwili hujitengenezea wenyewe. Vipokezi hivyo vilithibitishwa maabara mwaka 1973. Heroini inavikalia kwa nguvu ambayo maumbile hayakuitarajia: inapunguza pumzi, inafunga choo, inabana mboni, inatuliza moyo. Mwili haukubali kubaki hivyo. Siku baada ya siku unaongeza nguvu upande wa pili ili mambo yarudi kwenye mizani yake. Hebu fikiria watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, huyu ndani na huyu nje, kila mmoja akiongeza nguvu kwa kuwa mwenzake ameongeza. Mlango umetulia, mpita njia haoni kitu. Yule wa nje akiondoka ghafla, wa ndani anatoka mzimamzima na kubwaga kila kilicho mbele yake. Unga ndio uliokuwa nje, na arosto ni nguvu ya mwili wenyewe iliyobaki bila mpinzani.

Ndiyo maana kila dalili ni kinyume cha kile unga ulichofanya. Uliofunga choo umeondoka, tumbo linaharisha. Mboni zilizobanwa zinapanuka. Kwenye shina la ubongo kuna kundi dogo la seli zinazomwaga noradrenalini, kemikali ya kuushtua mwili mbele ya hatari. Heroini ilikuwa imezinyamazisha, sasa zinafanya kazi kupita kiasi, na mtu aliyelala chumbani salama anatoka jasho na mapigo ya moyo yanakwenda kama ya mtu aliye hatarini. Hakuna kinachoigizwa hapo. Mtu hawezi kuigiza mboni iliyopanuka.

Wauguzi wa kliniki za waraibu wanalijua hilo na ndiyo njia yao ya kupima. Wana fomu ya vipengele 11. Muuguzi anamkalisha mgonjwa kwanza, anahesabu mapigo baada ya mtu kutulia. Anamwambia anyooshe mikono mbele, anatazama vidole kama vinatetemeka. Anapitisha kiganja juu ya mkono wa mgonjwa kutoka kiwiko hadi kifundo kuhisi vinyweleo. Anatazama mboni, anahesabu miayo wakati wa mazungumzo yenyewe, anaangalia kama mtu anaweza kukaa kitini au ananyanyuka kila mara. Anauliza kuhusu mifupa, tumbo, jasho, pua na wasiwasi. Kila kipengele kina alama. Zikiwa 5 hadi 12 arosto ni ndogo, zikivuka 36 ni kali sana. Mgonjwa aliyezoea kuitwa mwongo kila anapofungua mdomo anakuta mtu anayeusoma mwili wake na kuuamini.

Nyumbani mambo ni tofauti. Njia inayotumika zaidi ni kufuli. Kijana anafungiwa chumba cha uani, pengine baada ya kikao cha wajomba, kwa nia njema kabisa: atoke jasho, umalizike. Wengi huvuka. Wengine huletwa hospitali wakiwa hoi, na maneno yanayosemwa dirishani hufanana sana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimemleta huyu kaka yako. Tumemfungia tangu juzi, leo hata maji hayakai."

"Pole mama. Alitumia lini mara ya mwisho?"

"Juzi alfajiri, kwa ninavyojua mie."

"Mkojo anapata?"

Mama hana jibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hilo ndilo la kuangalia. Husemwa kwamba arosto ya heroini inatesa lakini haiui, na kwa mtu mwenye afya, anayekunywa maji na kuangaliwa, kauli hiyo ina ukweli mkubwa. Lakini kuharisha na kutapika kwa siku tatu kunakausha mwili, na mwili uliokauka unakufa bila kujali sababu. Nchini Marekani wapo waliofia mahabusu namna hiyo, wakitapika mbele ya walinzi walioamini kwamba teja anastahili kidogo kuumwa. Anayeamua kumuuguza mtu nyumbani ahakikishe ana pakiti za ORS, amnyweshe kidogokidogo hata kama anarudisha, na akiona mkojo umekuwa mweusi na mchache, au mgonjwa anaanza kuchanganyikiwa, kufuli lifunguliwe. Daktari anaweza kumpa dawa za kuharisha, za kutapika, za maumivu, na klonidini, dawa ya shinikizo la damu inayozituliza zile seli zilizofurukuta. Maumivu haya yanatibika. Kuyaacha yamfunze adabu ni ukatili, na sijaona mtu aliyefunzwa nayo.

Mjamzito asifungiwe kabisa. Arosto ya ghafla inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati au kuharibu mimba, kwa hiyo duniani kote ushauri ni kumweka kwenye dawa mbadala hadi ajifungue. Mtoto naye anaweza kuzaliwa na arosto yake, inayojitokeza mara nyingi kati ya siku ya kwanza na ya tatu: kilio chembamba kisichobembelezeka, kutetemeka, kushindwa kunyonya. Manesi wakijua mapema kwamba mama yake alikuwa akitumia, mtoto huyo anatibika vizuri. Mama anayeogopa kutukanwa wodini hatasema.

Sasa niseme jambo ambalo watu wengi hulishangaa. Arosto ya kuogopwa zaidi haitoki kwenye unga. Inatoka kwenye chupa. Mtu aliyekunywa gongo, chang'aa, konyagi au bia kwa wingi kila siku kwa miaka, akiacha leo, anaweza kufa wiki hii.

Pombe inatuliza mishipa ya fahamu, na ubongo unajibu kwa kujichangamsha zaidi na zaidi. Pombe ikikatika, mikono inaanza kutetemeka ndani ya saa 6 hadi 24. Kati ya saa ya 6 na ya 48 kinaweza kuja kifafa kwa mtu asiyewahi kuwa nacho. Halafu, kwa wachache, kuanzia siku ya pili hadi ya nne, huja kuweweseka kwa hatari: homa, jasho la kulowesha shuka, moyo mbio, kutojua yuko wapi, kuona wadudu ukutani na watu wasiokuwepo. Kabla ya tiba za sasa, hali hii ilikuwa ikiua hata theluthi moja ya waliofikia hapo. Kwa tiba nzuri ni chini ya mmoja kwa 20.

Kwetu balaa hili huingia kwa mlango usiotazamwa. Mzee anavunjika mguu kwa bodaboda, analazwa, hakuna aliyemuuliza anakunywa kiasi gani. Siku ya tatu anaanza kuongea na marehemu na kuchomoa dripu. Au baba ameokoka Jumapili, akaapa mbele ya kanisa, na Jumatano anapiga kelele kwamba kuna nyoka chini ya kitanda. Familia inaona pepo, anaitwa mchungaji au shehe au mganga, na saa zinakwenda. Sina ugomvi na dua. Dua isomwe garini, njiani kuelekea hospitali, kwa kuwa huko ipo diazepamu ya kutuliza ubongo na sindano ya vitamini B1, ambayo mnywaji wa muda mrefu huwa amepungukiwa vibaya na ambayo inatakiwa itangulie dripu ya glukosi.

Muda mrefu madaktari wenyewe walibishana kama kuweweseka huku kunaletwa na pombe, njaa ya walevi, au kuacha. Jibu lilipatikana Lexington, Kentucky, katika hospitali ya serikali ya Marekani iliyokuwa pia gereza la waraibu wa morfini na heroini. Mwaka 1955 Harris Isbell na wenzake walichapisha matokeo ya kuwanywesha wanaume 10 pombe kila siku huku wakilishwa vizuri na kupewa vitamini. Wanne waliishia njiani. Sita waliendelea kwa siku 48 hadi 87, kisha pombe ikakatwa ghafla. Wote sita waliugua. Wawili walipata kifafa, watatu waliweweseka. Kwa hiyo haikuwa njaa, ilikuwa ni kuacha ghafla. Walikuwa wafungwa, na jaribio la namna hiyo leo lisingeruhusiwa, wala halipaswi kuruhusiwa. Lakini somo lililolipiwa na miili yao ni vema litumike: mnywaji mkubwa asiache peke yake nyumbani. Hali ni hiyohiyo kwa aliyezoea vidonge vya usingizi vya jamii ya valiamu, ambavyo hupunguzwa polepole kwa wiki au miezi.

Arosto nyingine ni nyepesi, ingawa anayezipitia haoni wepesi. Sigara huleta hasira, njaa na kukosa utulivu, kilele siku ya pili au ya tatu, na dalili nyingi hupungua ndani ya mwezi. Bhangi huondoa usingizi na kuleta ndoto kali kwa wiki moja au mbili. Miraa humwacha mtu mzito na mwenye huzuni kwa siku chache. Na kila Ramadhani, maelfu ya waumini wanaokunywa kahawa na chai ya rangi kutwa nzima hupata maumivu ya kichwa siku za mwanzo za mfungo. Sehemu ya maumivu hayo ni arosto ya kafeini, inayoanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho. Nalitaja hili kwa heshima. Aliyewahi kukaa na kichwa kile kuanzia adhuhuri hadi magharibi ana mahali pa kuanzia kumhurumia aliye chumba cha uani.

Turudi kwenye heroini, kwa sababu hapo ndipo nchi zetu zimepiga hatua kubwa. Methadoni ilitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930. Inakalia vipokezi vilevile, ila inaingia taratibu na kukaa zaidi ya siku nzima, kwa hiyo haileti stimu ya ghafla wala haimwachi mtu aamke mgonjwa. Mwaka 1965, Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York walionyesha kwamba waraibu wakipewa kipimo cha kutosha kila siku wanaweza kurudi kazini na kwenye familia. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuitoa, huduma ya kwanza ya serikali ya aina hiyo katika bara la Afrika kusini mwa Sahara. Zikafuata hospitali za Mwananyamala na Temeke, kisha Kidongo Chekundu huko Unguja. Kenya ilianza katika hospitali ya Mathari mwishoni mwa 2014, na Malindi ikafuata.

Asubuhi kliniki ni foleni ya watu waliooga. Dawa ni maji ndani ya kikombe kidogo. Mtu anakunywa mbele ya mtoa dawa, anasema neno moja au mawili kuonyesha kwamba amemeza, anakwenda zake. Kipimo kinaanza chini, miligramu 30 au pungufu, na kupandishwa polepole, kwa sababu methadoni hujilimbikiza mwilini na ukiharakisha inaweza kusimamisha pumzi. Wiki hizo za kupandisha ni ngumu. Mgonjwa anapata nafuu hadi jioni, usiku arosto inarudi kidogo, na vishawishi viko nje ya geti. Anayesema "wamebadilishiwa tu kilevi" nadhani hajawahi kumuona mtu yuleyule Januari na Juni.

Kuna mtego mmoja ambao kila familia inapaswa kuujua. Wagonjwa wengi wa kliniki hizi wana kifua kikuu au virusi vya Ukimwi. Rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, hulifanya ini liivunje methadoni haraka mno. Baadhi ya dawa za kufubaza virusi, kama efavirenzi, hufanya hivyo pia. Mtu aliyetulia miezi sita anaanza dawa za kifua kikuu, na baada ya siku kadhaa anapiga miayo, anatoka jasho, halali. Nyumbani wanasema ameanza tena. Naye, akiona haaminiki na anaumwa, anachagua moja kati ya mawili: kuacha dawa za kifua kikuu au kurudi maskani. Kumbe kilichotakiwa ni kumwambia daktari apandishe kipimo.

Zipo pia nyumba za soba, za kuishi bila kilevi, ambazo Zanzibar zimeenea tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, zikiendeshwa mara nyingi na watu waliotoka kwenye unga wenyewe. Kwa baadhi ya watu zimefanya kazi kubwa, na kuwa na mwenzako aliyevuka aliyekaa kando ya kitanda chako siku ya tatu ni kitu ambacho hakuna dawa inayokitoa.

Siku ya kumi mwili umetulia, na hapo wengi hudhani kazi imekwisha. Usingizi huchelewa kurudi, wiki na hata miezi. Chakula hakina ladha, furaha haiji. Na arosto yenyewe inaweza kuamka bila unga wowote. Hukohuko Lexington, katika miaka ya 1940, daktari Abraham Wikler aliona wagonjwa walioacha miezi mingi iliyopita wakianza kupiga miayo, kutoka machozi na makamasi pale tu walipokaa kikundi na kuzungumzia habari za dawa. Ubongo ulikuwa umefunga ndoa kati ya maneno, mahali, sura za watu, na ule ugonjwa. Ndiyo sababu kijana aliyetoka soba akiwa mzima, akipita kona aliyokuwa akinunulia, anahisi tumbo likisokota. Hajaamua lolote. Mwili umemtangulia.

Akianguka wakati huo, anaangukia pabaya. Uvumilivu wa mwili kwa heroini hupotea ndani ya wiki chache, lakini kumbukumbu ya kipimo inabaki. Anajidunga kiasi alichozoea, na pumzi inasimama. Katika jimbo la Washington nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba watu waliotoka gerezani, ndani ya wiki mbili za kwanza, walikufa kwa kuzidisha dawa mara 129 zaidi ya watu wa kawaida. Kumsafisha mtu kwa wiki moja na kumrudisha mtaani bila methadoni wala ufuatiliaji ni kumweka mahali pa hatari kuliko alipokuwa.

Kwa hiyo wiki hizo asilale peke yake. Akikutwa anakoroma kwa sauti isiyo ya kawaida, mboni ndogo, midomo imegeuka rangi, pumzi za kuhesabika, alazwe kwa ubavu, apuliziwe pumzi ikiwa imekata, akimbizwe hospitali. Huko ipo naloksoni, dawa inayoing'oa heroini kwenye vipokezi na kumwamsha ndani ya dakika chache. Ataamka na arosto kali, yote kwa mkupuo, ana hasira na anataka kuondoka akatafute kete ya kuizima. Nguvu ya naloksoni hukwisha baada ya dakika 30 hadi 90, huku heroini ikiwa bado imo mwilini, kwa hiyo anaweza kuzima tena njiani. Abembelezwe akae, apewe maji, na ndugu mmoja abaki naye hadi daktari aseme.